Aulizwe Angali Anajibu

Katika vijiji vya Wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, mhudumu wa afya hukaa na bibi wa miaka 80 na kupanga mbele yake njiti za kiberiti kwa umbo fulani. Humpa bibi njiti nyingine na kumwomba apange vilevile. Humwuliza leo ni siku gani, kiongozi wa hapo kijijini ni nani na daraja ni kitu gani. Humtaka ataje wanyama wengi kadiri awezavyo, kisha arudie maneno 10 aliyosomewa mwanzoni. Bibi hahitaji kujua kusoma wala kushika kalamu.

Kipimo hicho cha dimensia, ugonjwa unaoharibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kinaitwa IDEA. Kilitengenezwa na watafiti wa Tanzania na Uingereza baada ya kuona kwamba vipimo vya Ulaya vinamtaka mtu aandike sentensi na kuchora maumbo. Mtu ambaye hakupata kwenda shule angefeli vipimo hivyo hata kama akili yake iko sawasawa, na wazee wengi wa Hai, wanawake hasa, hawakupata shule.

Watafiti hao walianza kwa kuwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kuwa asilimia 6.4 walikuwa na dimensia, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa na aina yake iitwayo Alzheimer, na wengi wa waliobaki ubongo wao ulikuwa umeharibiwa na matatizo ya mishipa ya damu, ambayo mzizi wake mara nyingi ni presha na kiharusi. Hadi hapo, wengi walikuwa wakiamini kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu. Familia nyingi za Hai zilikuwa zikiishi nao bila kuuhesabu kuwa ugonjwa: mzee amesahau, basi, ni umri.

Umri peke yake hauleti hali hiyo. Kusahau ulikoweka miwani ni jambo la kawaida. Kusahau kazi ya miwani ni dalili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huku kwetu ugonjwa unaweza kumletea mgonjwa hatari nyingine kabisa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na mtu anayetangatanga usiku, anayeongea peke yake na kuwashutumu majirani kwa wizi, ni rahisi kunyooshewa kidole.

Mjini Dar es Salaam mambo hujitokeza kwa sura nyingine. Msasani ina watu wa kila aina: wavuvi wa kijiji cha zamani, wapangaji waliobanana Bonde la Mpunga, na wenye mageti makubwa kule Peninsula. Katika nyumba nyingi mzee aliletwa kutoka mkoani baada ya kufiwa na mwenza wake, akakaa kwa mwanawe. Mtaa haujui, njia za mabasi hazijui, na wanaomzunguka hawajui alikuwaje miaka mitano iliyopita. Siku akitoka kwenda dukani asirudi, familia huambiana kwamba bado hajauzoea mji. Watoto wako kazini, wajukuu shuleni, na mwangalizi halisi wa mzee ni dada wa kazi mwenye miaka 19 ambaye hakuna aliyemweleza chochote kuhusu ugonjwa wa mzee anayemhudumia kuanzia asubuhi hadi usiku.

Yapo yanayoweza kufanyika mapema. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia, likakadiria kuwa yakidhibitiwa yote, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeepuka ugonjwa au kuuchelewesha. Humo mna presha, kisukari, sigara, kutosikia vizuri na upweke. Orodha ya mwaka huo iliongeza jambo ambalo mtu wa Msasani anaweza kulishughulikia kwa kutembea tu: macho yasiyotibiwa. Hospitali ya CCBRT, inayojulikana nchi nzima kwa kutoa mtoto wa jicho, iko hapohapo Msasani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia wazee zaidi ya 3,000 wenye mtoto wa jicho, ulikuta kwamba hatari ya kupata dimensia kwa waliofanyiwa upasuaji ilikuwa ndogo kwa karibu asilimia 30 kuliko kwa wale ambao hawakufanyiwa.

Presha ndiyo ya kutisha zaidi. Huko Hai, karibu wazee 70 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa nayo, na wachache sana ndio waliokuwa wameidhibiti kwa dawa. Kumpeleka mama yako akapimwe presha ni kazi ya nusu saa.

Kwa aliyekwishaugua, hakuna dawa ya kumponya. Lakini Hai imeonyesha kitu cha kutia moyo. Wazee 34 wenye dimensia walikutana katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa wiki saba, wakaimba, wakazungumzia utoto wao, vyakula, fedha na habari za siku, bila karatasi na bila mtihani. Kumbukumbu zao zilipanda, hofu ikapungua, na tabia zinazowachosha walezi zikatulia. Tiba hiyo ilianzia Uingereza, ila huko Hai ilibadilishwa iwafae watu ambao hawakusoma. Hakuna kinachozuia jambo hilo lifanyike kwenye baraza la ofisi ya serikali ya mtaa, Kinondoni au Temeke.

Kuna upande ambao familia nyingi huukwepa: dimensia huua. Huua polepole, kwa miaka, na kwa njia ambayo madaktari wanaijua. Mwaka 2009 timu ya Dkt. Susan Mitchell ilichapisha utafiti wa wagonjwa 323 waliokuwa katika hatua ya mwisho kwenye nyumba za wazee eneo la Boston, Marekani. Katika miezi 18 zaidi ya nusu walifariki. Asilimia 86 walifika mahali pa kushindwa kula, na asilimia 41 walipata nimonia. Wengi hawakuuawa na kiharusi wala moyo wala ugonjwa mwingine wa ghafla. Ni dimensia yenyewe ilifika mwisho wake. Na familia zilizoelewa kuwa mgonjwa wao yuko ukingoni hazikumhangaisha sana miezi ile ya mwisho kwa kumpeleka na kumrudisha hospitali, kumtundikia dripu na kumwekea mpira wa kulishia.

Suala la chakula linastahili kuzungumzwa zaidi kidogo, kwa sababu hapo ndipo upendo wa familia unapogeuka mateso bila mtu kukusudia. Mama hali, mwanawe analia, na watu wanaulizana kwa nini asiwekewe mpira wa puani. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinashauri mgonjwa aliyefika hatua hiyo asiwekewe, kwa kuwa mpira haurefushi maisha yake wala hauzuii chakula kuingia mapafuni, na huambatana na vidonda vya kulalia. Kinachofaa ni mkono wa mtu. Mgonjwa aketishwe wima, si kulazwa chali. Kijiko kiwe kidogo, uji uwe mzito kiasi, kwa maana maji matupu ndiyo humpalia upesi. Mlishaji asubiri aone koo limemeza ndipo alete kijiko cha pili, na mgonjwa akifunga mdomo, aachwe. Haachi kula ndipo afe; mwili unaokaribia kufa ndio huacha kutaka chakula.

Maumivu nayo husomwa usoni, kwa sababu mgonjwa hawezi tena kusema panapouma: anakunja uso akigeuzwa, anaguna, anasukuma mkono wa anayemwogesha. Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na dhiki mgonjwa asiyeweza kupona, imeota mizizi Dar es Salaam kupitia saratani na UKIMWI. Taasisi ya Saratani Ocean Road huwapa wagonjwa wake morifini, na PASADA, shirika la Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, kule Chang'ombe Temeke, imekuwa ikiwafuata wagonjwa majumbani tangu miaka ya 1990. Uganda ilitangulia: Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na leo wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa na sheria kuandika morifini ya maji. Mgonjwa wa dimensia ana haja ya muuguzi yuleyule, ila ni familia chache zinazofikiria kumwita.

Maamuzi haya yote huja wakati mwenyewe hawezi tena kuamua, na ugonjwa huu ulikuwa umempa miaka ya kuamua. Anayepoteza fahamu kwa ajali hapati nafasi hiyo. Mzee aliyeanza kusahau mwaka huu anaweza kuulizwa mwaka huu. Tatizo ni kwamba atakayeanzisha mazungumzo huambiwa anamchuria mzee. Wifi atanuna, kaka mkubwa atauliza ana haraka gani na mali. Basi watu hunyamaza, na miaka mitatu baadaye ukoo mzima unagombana wodini, kila mmoja akidai kujua mama angetaka nini.

Sheria haisubiri ukoo upatane. Wosia ni halali ikiwa aliyeuacha alikuwa na akili timamu siku ya kuutoa; ulioandikwa baada ya ugonjwa kukolea ni mwaliko wa kesi ya mirathi. Sheria ya mila inaukubali hata wosia wa mdomo mbele ya mashahidi. Mwislamu ana uhuru juu ya theluthi moja ya mali yake kwa wasiokuwa warithi, na nje ya mali wosia wake hubeba madeni, amana za watu na haki alizobakiza. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) husaidia kuandika wosia na kuutunza.

Mali, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya yanayofaa kuulizwa. Akizidiwa, apelekwe hospitali ya Mwananyamala au aachwe chumbani kwake? Nani amwogeshe, maana akina mama wengi hawataki kuogeshwa na mtoto wa kiume? Nani asikilizwe na daktari watoto wakitofautiana? Akae nani karibu naye kumlakinia shahada, au aitwe padri yupi? Azikwe hapa Dar au asafirishwe Moshi, Bukoba, Mafia? Swali hilo la mwisho limezivunja familia nyingi za mjini, na jibu lake mzee analo tangu ujana wake.

Hayaulizwi yote kwa kikao kimoja. Linaulizwa moja jioni ya leo, jingine baada ya msiba wa jirani, wakati mzee mwenyewe ameanza kusema yeye angependa iweje. Mwulizaji awepo na mwingine, mtoto wa kike au mdogo wake mzee, asije akaonekana ametunga. Jibu liandikwe siku hiyohiyo kwenye daftari, kwa maneno yake, pamoja na tarehe, mzee asomewe alichosema, na daftari hilo likae pamoja na kadi yake ya kliniki ya presha, ili litoke naye siku atakapopelekwa hospitali.