Usiseme anga ina wenyewe: sikia stori ya 'Uhuru' ya Ngomeni

Tarehe 12 Desemba unaijua. Ni Jamhuri Dei, gwaride liko kwenye runinga na kwenu kuna mbuzi, ama angalau chapati. Lakini siku hiyo mwaka wa 1970 kulitokea jambo ambalo pengine hakuna mwalimu aliyewahi kukuambia.

Kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, roketi iliruka ikiwa na setilaiti ya NASA. Kituo kilikuwa cha Waitaliano, mzigo ulikuwa wa Wamarekani. Na kwa kuwa Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya kujitawala, msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, aliipa setilaiti hiyo jina la Kiswahili: Uhuru.

Mbona walete mzigo wao mpaka huku? Kwa sababu karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi kuliko kwingine, kwa hivyo roketi inapata msukumo wa bure. Njia ya Uhuru haikupita nyuzi 3 kusini wala kaskazini mwa ikweta. Sasa wewe uliye hapa Wote uko karibu nyuzi 2 kusini. Piga hesabu mwenyewe. Anga yetu ya Makueni ilikuwa ndani ya njia yake, na huenda ilipita juu ya babu yako akipalilia mbaazi.

Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei. Si zile unazopigwa hospitalini, ni zile zinazotoka mbali huko angani. Hewa yetu huzizuia zisifike chini, kwa hivyo lazima chombo kitoke nje ya hewa ndipo kizione. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo pekee, na iliorodhesha vyanzo 339.

Chanzo kimoja, Cygnus X-1, kilikuwa na vituko. Eksirei zake zilipanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika haraka hivyo, kwa hivyo hicho kilikuwa kidogo sana. Kufikia mwisho wa 1971, wataalamu wa Uingereza na Kanada walikuwa wamegundua kwamba kuna nyota kubwa inayokizunguka kila baada ya siku 5.6. Kidogo, kizito ajabu, na hakionekani: ni shimo jeusi.

Usidhani ni shimo kama lile la choo. Ni mzigo mkubwa uliobanwa mahali padogo mpaka hata mwanga hauwezi kutoka. Tulilijua kwa sababu linanyonya gesi ya nyota jirani, na gesi ile hupata moto wa mamilioni ya nyuzi kabla ya kumezwa. Eksirei ni kelele za mlo.

Hata hivyo, si wote walioamini. Mwaka wa 1974 Stephen Hawking aliweka dau na rafiki yake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Alikubali kushindwa mwaka wa 1990.

Thorne hakuishia hapo. Alikuwa mmoja wa walioanzisha LIGO, mitambo miwili ya Marekani yenye mikono ya urefu wa kilomita 4, ya kunasa mawimbi ya mvutano. Hayo ni nini? Lori la mchanga likipita karibu na nyumba usiku, unasikia vikombe vikitetemeka kabatini hata kama hujaliona. Ndivyo ilivyo, ila hapa kinachotetemeka si sakafu, ni nafasi yenyewe.

Septemba 14, 2015, mitambo yote miwili ilitetemeka. Mashimo meusi mawili, moja zito kama majua 36 na lingine 29, yaligongana na kuwa moja la majua 62. Hesabu hiyo haijakosewa. Yale majua 3 yaliyopotea yaligeuka kuwa mawimbi, yakasafiri miaka bilioni 1.3, na yalipotufikia yakatikisa mikono ile kwa kiasi kidogo kuliko chembe ya ndani ya atomu. Mwaka wa 2017 Thorne, Rainer Weiss na Barry Barish walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tuongee ukweli. Mwaka wa 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka Kenya. Aprili 15, 2023, Kenya ilirusha Taifa-1, na ilibidi tuipeleke California. Ngomeni haijarusha kitu tangu 1988. Jina lilikuwa letu, bahari ilikuwa yetu, lakini data na Nobel aliyopewa Riccardo Giacconi mwaka wa 2002, kwa kazi ambayo Uhuru ilikuwa sehemu yake, vilienda kwingine. Hiyo inauma, na ni sawa iume.

Lakini siku hizi mlango haujafungwa kabisa. Data ya LIGO imewekwa wazi mtandaoni, na tangu 2016 kuna mradi unaoitwa Gravity Spy. Unaonyeshwa picha za mitetemo iliyonaswa na mitambo, nawe unaichambua: hii ni kelele ya aina gani? Majibu ya watu wa kawaida hutumika kufundisha kompyuta kutofautisha kelele na wimbi la kweli.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza. Huko hakuna aliyeniuliza cheti. Waliniuliza tu naona nini kwenye picha. Ukiwa na bando la leo, kabla halijaishia TikTok, jaribu picha kumi.