Siri ya Pembea: Kwa Nini Roho Huruka

Idi ikikaribia hapa Pwani, mzazi huwa na hesabu mbili kichwani: nguo za watoto na pesa za pembea. Uwanja wa Makadara, Mombasa, umeona vizazi vya watoto wakipembea siku ya sikukuu, huyu akicheka, yule akilia amtake mamake. Lakini siku hizi vijana wetu wamekwisha ona katika simu zao pembea za ng'ambo zinazomdondosha mtu kutoka juu angani, nao huniuliza: "Ami, watu wale hawafi?" Swali lao ni zuri, na jawabu lake latufaa hata sisi wa pembea za kamba.

Nitachukua mfano wa pembea iitwayo Skycoaster. Moja iliyojengwa Kissimmee, jimbo la Florida nchini Marekani, ina urefu wa futi 300, yaani kupita mita 90. Muundo wake si mgumu kuuelewa. Kuna nguzo kubwa zilizoshikana juu mfano wa tao, na kutoka kileleni huteremka nyaya za chuma. Wapandaji, hadi watatu kwa pamoja, huvishwa mikanda mizito, wakafungwa kwenye nyaya hizo wakiwa wamelala kifudifudi. Kisha winchi, ndugu ya zile wanazozijua makuli wa Kilindini, huwavuta kinyumenyume hadi juu ya mnara mwingine. Hapo mmoja wao huvuta kamba ndogo, kishikio kikafunguka, na safari ikaanza.

Nukta ya kwanza ndiyo inayowatoa watu ukelele. Mwili hauuhisi uzito wake wenyewe. Unachohisi ni kiti au ardhi inavyousukuma juu. Mpandaji anapoachiliwa, nyaya bado hazijakaza, na hakuna kinachomshika. Tumbo na viungo vyote vya ndani huanguka pamoja naye kwa kasi moja. Vile viungo vidogo vya ndani ya sikio, ambavyo hutujulisha juu ni wapi na chini ni wapi, navyo hupotewa. Ndipo watu husema roho imeruka.

Baadaye nyaya hukaza, zikaugeuza mwanguko kuwa mpembeo. Mtu aliyeshuka mita 30 hufika chini kwa kasi ya karibu kilomita 87 kwa saa, tukiuacha upepo nje ya hesabu; awe mnene awe mwembamba, ni mamoja. Pale chini, nyaya zina kazi mbili: kuubeba uzito wake na kumgeuza arudi juu. Ikiwa alivutwa hadi nyaya zikalala sawasawa na kilele, basi pale chini hubeba mara 3 ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 huwa kama kilo 180. Kisha kila mpembeo upepo huila sehemu ya mwendo wake, hata mwisho akaribie kutulia katikati kama timazi ya mwashi.

La kustaajabisha ni kwamba urefu wa kamba haubadilishi hesabu hiyo. Pembea ya mita 3 chini ya mwembe, mtoto akiinuliwa hadi usawa wa tawi, nayo hubeba mara 3, sawa na ile ya Florida. Akiinuliwa nusu ya urefu wa kamba, hubeba mara 2. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kamba iliyostahimili mtoto akikaa kimya itamstahimili akipembea.

Namkumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa akifunga pembea kila sikukuu. Kabla ya mtoto yeyote kupanda, alikuwa akipakia magunia mawili ya mchanga, akayasukuma kwa nguvu zake zote. Sisi tukiona anatuchelewesha. Siku moja nikamwuliza, "Shikamoo babu, kwani magunia nayo yana Idi?" Akanijibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Gunia likianguka nitanunua jingine."

Mzee yule hakusoma hesabu za kasi, lakini aliijua maana yake. Mwaka 2022, mjini Orlando, katika jimbo lilo hilo la Florida, kijana wa miaka 14 aliponyoka kitini kwenye mnara wa kudondosha watu, akafa. Mnara haukuanguka. Wachunguzi waligundua kwamba chombo cha kuhakikisha kiti kimefungika kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, kikaruhusu uwazi mkubwa kuliko kawaida. Hivyo basi, jawabu kwa vijana wangu ni hili: kwenda juu peke yake hakuui. Kinachomrudisha mtu nyumbani ni kifungo kilichofungwa sawasawa, na binadamu mwaminifu wa kukikagua.

Nawe msomaji, Idi hii ukimpeleka mwanao, tupia jicho fundo la kamba na mnyororo, maana hewa yetu ya chumvi hula chuma upesi. Muulize mwenye pembea ameikagua lini, tena ulizia kwa adabu. Akikasirika, mpite uende kwa jirani yake. Shilingi utapata nyingine.