Ubongo Uko Poa, Miguu Ndo Imevunjika

Ilitoa kasauti kadogo tu, tak, ka kifuniko cha thamosi. Nilikuwa nimevuta feni ya prosesa na prosesa yenyewe ikakam nayo, imegandia chini ya chuma ka chapo iliyosahaulika kwa kikaango. Na leva ya soketi bado ilikuwa imefungwa, si ati niliiacha wazi. Nikaigeuza polepole. Pini zenye zinafaa kusimama wima ka watoi wa primo kwa paredi, kona moja zilikuwa zimelala ka nyasi imekaliwa na ng'ombe.

Manze, nilikaa chini.

Wacha nikuchoree form. Mi huediti video za harusi, ruracio, na za wasee wa mtaa wenye wanataka kuomoka na ngoma. Mashine yangu ni Ryzen 5 3600, nilibuy sekondi hendi, na ndo hulipa keja hapa Buru. Hiyo wiki ilikuwa inachemka mbaya. Nikianza kurenda inapiga digrii 90 na kitu, na hiyo prosesa mwisho wake ni 95. Shida nilikuwa naijua: themo pesti imekauka, ule ujiuji wa kijivu hukaa kati ya prosesa na chuma ya feni ndo moto ipite. Nikajipin. Nimewatch video tatu, niko na bisibisi, fundi ni wa nini?

Kwenye nilichoma ni hapa. Pesti ikikauka inageuka gundi. Na soketi ya AM4, yenye Ryzen za kutoka 2017 zimekalia miaka mob, haina mkono wa chuma wa kushikilia prosesa kutoka juu. Inashikwa na pini zake tu, leva ikizibana kando. So ukivuta feni moja kwa moja juu, mashine ikiwa baridi, kitu ya kwanza kuachilia si gundi. Ilifaa niwashe mashine kitu dakika kumi, niipatie kazi, pesti ishike joto ilainike. Alafu nizime, nichomoe stima, na feni nisiivute: niizungushe kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka iachane na prosesa yenyewe. Video zote tatu zilikuwa zimesema hivyo. Mi niliruka hapo ju wasee wa video hubonga sana.

Hiyo ilikuwa haraka. Kosa la pili lilikuwa kiburi. Sistee ako na kale kakibanio ka kunyofoa nyusi, nikakachukua. Nikasimamisha pini ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaanza hadi kupiga mluzi. Ya nne ilikuwa imejikunja mara mbili ka herufi Z. Nikainyoosha, ikapitiliza. Nikairudisha, ikapitiliza huku ingine. Hii chuma huchoka, buda. Ukiichezesha mbele nyuma inakatika ka waya. Ikatoka, ikaanguka kwa kapeti, ndogo kushinda mchele umevunjika, ikaingia mitini.

AM4 ina pini 1331. Mi sa nilikuwa na 1330.

Hapo hapo mathe wa bibi harusi akaanza kupiga simu. Nikawa mteja.

Duka lenye liliniuzia, jina naweka kwa mfuko, lilicheki picha kwa WhatsApp sekunde tano. Hiyo imededi, wakasema, na waranti haishikangi kitu imevunjwa na mkono. Ya waranti siwezi kataa. Pini ukikunja ni zako. Ya kudedi ndo ilinikwama kwa koo. Msee hajaishika, hajaitolea pesti, lakini bei ya ingine tayari iko kwa ulimi.

Nikaitia kwa mkebe wa Blue Band, nikaizungushia pamba ka kifaranga, nikapanda nganya ya 58 hadi tao. Luthuli. Hii barabara ilipewa jina la Albert Luthuli, mzae wa Afrika Kusini mwenye alishinda Nobeli ya amani ya 1960, na sijawahi pata amani hapo hata dakika mbili. Kila duka ina spika mlangoni, na kila spika inapigana na jirani. Fundi mwenye nilielekezwa ako juu ghorofani, kwa kibanda upana wa godoro. Wote wanamwita Mzae. Akafungua mkebe.

"Umeniletea siagi?"

Alafu akaona pamba, akanuna. Pamba inashikana na pini, akaniambia, na ukiivuta unakunja zenye zilikuwa zima. Akaitoa uzi kwa uzi. Akatoa pesti yenye ilikuwa imeingia katikati ya pini, na spiriti ya aisopropili na mswaki laini, akapiga mswaki kufuata mistari, si kuivuka. Mpaka hapo kitu nusu saa imeisha na hajanyoosha pini hata moja. Nilianza kucheki saa.

"Kijana, hii kazi ni ya macho. Mkono unakuja mwisho."

Aliweka prosesa kwa kiganja, akaiinua mpaka ikawa sawa na jicho, tochi ya simu nyuma yake. Ukicheki pini kutoka juu unaona msitu tu. Ukizicheki kutoka kando unaona vichochoro, na pini mbaya inasimama katikati ya kichochoro ka mlevi. Akazungusha pande zote nne, akichora kwa kipande cha katoni. Zenye zimekunjika zilikuwa 17. Mi nilikuwa nimehesabu nane.

"Ubongo uko poa," akasema. "Miguu ndo imevunjika."

Kifaa chake cha maana ni penseli ya kubonyeza, ile ya watoi wa shule, ametoa risasi yote. Mdomo wa chuma unameza pini moja pekee, unaiinamisha taratibu mara moja, upande mmoja, basi. Zenye zimelala kabisa alizipandisha kwanza na ncha ya wembe, nusu njia, akaziacha, akaenda kwa zingine, akarudi. Mwisho akapitisha kadi nzee ya benki kwa kila kichochoro. Kadi ikikwama, kuna mtu bado amelewa.

Akifanya hivyo alikuwa anabonga, na Mzae akibonga unaskiza. Mwaka wa 2001, Athlon XP zikitoka, ubongo wenyewe ulikuwa uko uchi, kajiwe keusi katikati bila kofia ya chuma. Wasee wa saiba wakifunga feni na bisibisi, feni inainamia upande mmoja, kona ya jiwe inapasuka. Hiyo, alisema, ndo kifo. Hakuna penseli ya hiyo.

Za Intel nazo ni kesi ingine. Tangu 2004, na soketi ya LGA 775, prosesa zao za desktopu hazina miguu. Chini ni vidoa bapa, na pini zimehamia kwa madabodi, vispringi vyembamba vimejikunja ka kucha za paka. AMD nao walihamia huko 2022 na AM5, pini 1718 zote ziko kwa soketi. So ukinunua madabodi ya aina hiyo kwa msee wa mtandaoni na soketi haina kifuniko cha plastiki, usiamini stori, washa tochi. Na ukinunua Ryzen ya miguu, igeuze mbele ya muuzaji na uicheki kutoka kando. Akisema uharakishe, rudisha doh yako kwa mfuko.

Sasa, ile pini yenye ilipotea. Mzae akafungua ramani ya AM4 kwa simu, akahesabu kutoka kwa ile kona yenye pembetatu ya dhahabu. Kwa hizo 1331, mob ni za graundi na za stima, na hizo zinasaidiana. Moja ikienda, mara nyingi hata huwezi jua. Nilianza kuomba yangu iwe ya graundi. Alinyamaza, akahesabu tena.

"Yako ni ya ramu."

Angeweza kuchomelea mguu kutoka kwa prosesa imekufa, lakini moto inaweza legeza majirani, na hakutaka kunidanganya. Nikamwambia tuwashe venye iko.

Pembetatu kwa pembetatu, akaiachilia kwa soketi bila kufinya. Ikakaa juu ka meza ina mguu mrefu. Akaitoa, akarudia pini mbili. Ikakaa juu tena. Mara ya tatu ikazama yenyewe, akashusha leva. Ramu zote mbili zikiwa ndani, skrini nyeusi. Akachomoa moja. Feni ikazunguka, na maandishi yakatokea. Kati ya giga 16, zimebaki 8, ju madabodi yangu ina nafasi mbili tu, kila moja na njia yake, na njia moja imekatika. Ingekuwa ya nafasi nne, angepanga zote mbili kwa njia yenye iko hai.

"Itachechemea," akasema, "lakini itakufikisha. Leta ngiri na jirongo."

Ni watu wa umri wake tu bado huita 500 jirongo, tangu kura ya 1992. Nikatuma M-Pesa bila kubageini, na mi huwa nabageini hadi sukuma. Akanipea pia kajumba ka plastiki ka kubebea prosesa. Mkebe wa Blue Band alibaki nao, anaweka screw.

Harusi niliimaliza usiku huo. Kenye hurenda dakika 40 kilichukua karibu masaa mawili, nikifunga kila dirisha, hadi ngoma nikazima. Digrii zilikaa 70 na kitu, pesti ya Mzae iko fiti. Mathe wa bibi harusi alicheki video akalalamika kitu moja tu, ati keki haijaonekana vizuri.

Jana sistee alikuwa anapanguza keja, akauliza kama anaweza fungua hiyo kompyuta atoe vumbi ndani. Nikamwambia apanguze nje tu. Pia arudishiwe kibanio chake, kiko kwa droo.