Jua la Garbatulla ni dawa ya bure: tibu shamba kabla hujapanda

Asubuhi nyanya zilikuwa zimesimama wima. Kufika saa saba mchana zimelegea kama mtu aliyefunga bila kula daku. Nikafungulia maji, jioni zikaamka, nikajipongeza. Siku ya nne hazikuamka tena. Zilinyauka zikiwa bado kijani, matunda yenyewe yakiwa saizi ya gololi.

Hiyo ilikuwa robo ekari ya kukodi kule Garbatulla, Kaunti ya Isiolo, anakoishi mjomba wangu. Pesa niliyoizika pale ndiyo ilikuwa inirudishe chuoni. Sikurudi. Nililaumu mbegu, nikalaumu duka la dawa, nikakaribia kumlaumu jirani. Mjomba hakubishana nami. Aling'oa mmea mmoja, akakata shina karibu na mzizi, akalishikilia ndani ya glasi ya maji safi, upande uliokatwa ukiwa chini. Baada ya dakika chache, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye shina.

"Huu ni mnyauko wa bakteria," akasema. "Ulikuwa humu udongoni kabla wewe hujakanyaga hapa. Ulikuja ukapanda juu ya ugonjwa."

Wengi wetu tunaanza kuwaza magonjwa siku tunapoona jani lina doa. Siku hiyo tushachelewa. Mnyauko wa bakteria hauna dawa ya kunyunyizia inayouponya. Blaiti unaweza kuizuia kwa dawa, lakini kila pampu unayobeba mgongoni ni pesa inayotoka mfukoni. Vita vyenyewe vinapiganwa ile miezi shamba liko tupu, na wewe uko mtaani unangoja mvua.

Kwa nini ugonjwa hauondoki

Ukipita Kulamawe ukielekea Garbatulla, kwa macho unaona vichaka vya miiba na mifugo. Unaweza kudhani mambo ya nyanya ni ya watu wa Mwea. Lakini Gafarsa, Malkadaka, Kinna na Rapsu kuna watu wanaolima kwa kunyunyizia maji: vitunguu, nyanya, sukumawiki, mahindi. Mvua ilifeli misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na mifugo ikafa. Kwa familia iliyopoteza ng'ombe wake, kipande cha shamba si mambo ya kujionyesha TikTok. Ni chakula na karo.

Sasa shida ni hii: ukiwa na maji ya mfereji, unashawishika kupanda mwaka mzima. Nyanya, halafu nyanya, halafu nyanya tena, kwa sababu bei ilikuwa nzuri juzi. Bakteria wa mnyauko wanaweza kuishi udongoni miaka kadhaa wakingoja mzizi wa kuingia. Minyoo ya mizizi, ile inayoacha mafundo kwenye mizizi, nayo inazaana kila msimu. Ukungu wa blaiti ya mapema unajificha kwenye majani na mashina uliyoacha yameanguka. Halafu maji yakitoka shamba la jirani kuja lako, yanabeba ugonjwa na kukuletea hadi mlangoni.

Wazee wa dedha walijua

Ajabu ni kwamba kanuni ya kumaliza hili iko pale pale nyumbani. Waborana wa Waso wana baraza la wazee liitwalo dedha, linalosimamia malisho. Kuna sehemu za kulisha wakati wa mvua, kuna za kiangazi, na kuna zile za akiba zinazoachwa hadi ukame ukibana. Ardhi inapewa zamu ya kupumzika, na mtu hapeleki mifugo anapotaka tu kwa sababu ameona nyasi.

Shambani tunafanya kinyume. Tunalisha mahali pamoja mwaka mzima, kisha tunashangaa mimea inakufa.

Kwa nyanya, kupumzisha ardhi ni kubadilisha ukoo. Viazi, pilipili, hoho, biringanya na hata managu ni ndugu za nyanya, na wanaugua magonjwa yale yale. Kutoa nyanya na kuweka managu si kubadilisha, ni kumkaribisha mgeni yule yule kwa jina lingine. Weka kitunguu, mahindi, kunde au maharagwe. Kama mnyauko ulishaingia, usirudishe nyanya hapo kwa angalau misimu kadhaa, na ikiwezekana miaka mitatu au zaidi.

Kazi ya kiangazi

Garbatulla kuna nafasi mbili kubwa kwa mwaka: Januari hadi mapema Machi kabla ya mvua ndefu, na Juni hadi Septemba kabla ya zile fupi. Hii ndiyo kazi ya kufanya.

Kwanza, safisha. Ukimaliza kuvuna usiache mashina yasimame. Mimea iliyougua ing'oe na mizizi yake, uiteketeze au uizike mbali na mfereji. Usiitupe kwenye lundo la mboji. Ng'oa pia zile nyanya zilizojiotea zenyewe, maana ndizo daraja la ugonjwa kutoka msimu huu hadi ujao.

Pili, geuza udongo. Lima, uache jua lipige, kisha baada ya wiki moja au mbili ulime tena. Minyoo ya mizizi inakauka, na mabuu ya Tuta absoluta yaliyojificha udongoni yanaanikwa juani na kuliwa na ndege. Hii haihitaji pesa, inahitaji jembe na mgongo tu.

Tatu, pika udongo. Hapa ndipo jua la Garbatulla linawashinda watu wa milimani. Lainisha udongo, usawazishe, umwagilie maji hadi ulowe vizuri kwenda chini. Funika kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, si nyeusi, na uzike kingo zake pande zote ili joto lisitoroke. Acha wiki nne hadi sita. Udongo wa juu unaweza kupita nyuzi 45, na ukungu mwingi, minyoo na mbegu za magugu hazivumilii hilo. Lakini tuambiane ukweli: joto haliendi chini sana, na kwa mnyauko wa bakteria plastiki peke yake haitoshi. Lazima iende pamoja na kubadilisha mimea. Na uweke uzio wa miiba, maana mbuzi mmoja akipita juu ya hiyo plastiki, kazi imeisha.

Nne, andaa mbolea mapema. Samadi ya mbuzi iko tele, lakini ikiwa mbichi inaleta mbegu za magugu na inaunguza miche. Irundike wakati wa kiangazi, uilowanishe, uigeuze mara kwa mara, uitumie ikiwa imeoza hadi haina harufu kali.

Tano, osha vyombo. Jembe lililotoka shamba lenye ugonjwa lina ugonjwa. Toa udongo wote, kisha ulioshe kwa Jik, sehemu moja kwa tisa za maji. Na ukinunua mbegu, kwangua kibandiko cha KEPHIS kwenye pakiti, utume ile namba kwa 1393 ujue kama ni halali.

Sita, na hili lingeniokoa mimi: kabla ya kulipa kodi ya shamba, uliza palipandwa nini misimu mitatu iliyopita na kama kuna kilichonyauka. Sisi tunauliza bei na maji tu. Ukiambiwa nyanya, nyanya, nyanya, mshukuru mzee na uondoke.

Na wewe wa gorofani?

Kama shamba lako ni magunia mawili ya sukumawiki kwenye roshani kule Umoja, kanuni ni ile ile. Usipande tena kwenye udongo uliougua bila kuutibu. Umwage, uchambue mizizi, uulowanishe, uutie kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga kwa safu nyembamba, uufunge na uuache juani wiki nne au zaidi. Kisha uongeze mboji. Na kama gunia lilikuwa la sukumawiki, msimu ujao weka dania au kitunguu.

Mimi nimerudi Garbatulla, safari hii na kipande kidogo zaidi. Mwaka huu sina mche hata mmoja wa nyanya. Nusu ya shamba ni vitunguu, nusu nyingine iko chini ya plastiki, ikiungua pole pole. Marafiki wananiuliza nimelima nini huku mtandaoni sionyeshi chochote cha kijani. Nawaambia nalima jua. Mbuzi wa jirani nimewafukuza mara mbili wiki hii, na bado wiki tatu zimebaki.