Ramani za nyumba kwa kompyuta: mchoraji wa Kamembe achague programu ipi?

Anayetaka kujenga nyumba mjini Kamembe, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, mara nyingi hukutana na mchoraji mwenye kompyuta kabla ya kukutana na fundi mwashi. Maombi ya kibali cha ujenzi nchini humo huwasilishwa kupitia mfumo wa mtandaoni, na karatasi iliyochorwa kwa mkono haina tena nafasi iliyokuwa nayo zamani. Rusizi ni miongoni mwa miji sita ambayo serikali iliiteua kukuzwa sambamba na Kigali, na kazi ya kuchora imewavutia vijana wengi waliotoka katika vyuo vya ufundi. Swali la kwanza wanalojiuliza ni lile lile: ninunue programu ipi, au nijifunze ipi?

Wengi hulijibu kwa kutazama picha. Programu inayotoa nyumba yenye bustani, gari mlangoni na mwanga wa jioni ndiyo inayomshawishi mteja, na mteja ndiye anayelipa. Hata hivyo, Kamembe ina sababu zake za kuanzia kwingine.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliyakumba maeneo ya kusini mwa Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha upande wa Rwanda, katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, na wengine walikufa ng'ambo ya mpaka, mjini Bukavu. Ilikuwa saa ya ibada, na baadhi ya waathiriwa waliangukiwa na kuta wakiwa ndani ya kanisa. Eneo hilo liko katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambako ardhi ingali ikiachana polepole, na hivyo kila nyumba inayojengwa hapo inaweza kutikiswa tena katika uhai wake.

Kinachoisaidia nyumba ya matofali kustahimili mtikiso hakionekani kwenye picha ya mteja. Ni mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya msingi, mwingine katika usawa wa linta, na mwingine chini ya paa. Ni nguzo za pembeni zilizofungwa nondo. Ni jinsi nondo za mkanda zinavyopindwa kwenye kona ili ukuta mmoja usiachane na mwenzake. Mambo hayo huonyeshwa katika mchoro wa mkato, yaani nyumba ikiwa imekatwa kutoka paani hadi kwenye msingi, na katika michoro midogo ya viungo inayochorwa kwa kipimo kikubwa, kama vile 1:20 au 1:10. Programu inayostahili kuchaguliwa kwanza ni ile inayomwezesha mchoraji kuitengeneza michoro hiyo kwa usahihi na kuirekebisha bila kuanza upya. Unene wa nondo na idadi yake ni uamuzi wa mhandisi, ambaye taaluma yake, pamoja na ile ya msanifu majengo, inasimamiwa na sheria ya mwaka 2012. Programu haimpi mtu yeyote cheo hicho.

Mstari na modeli

Programu za usanifu kwa kompyuta, zijulikanazo kwa kifupi kama CAD, ziko za namna kuu mbili. Za kwanza huchora mistari. Ukuta katika AutoCAD ya kawaida au katika LibreCAD ni mistari miwili sambamba, na kompyuta haijui kwamba ni ukuta. Mchoraji akiusogeza kwenye ramani ya sakafu, mkato hautabadilika mpaka aurekebishe mwenyewe. Akisahau, fundi atapewa karatasi mbili zinazopingana, na uzoefu wa ujenzi unaonyesha kwamba fundi hufuata ile aliyoifungua kwanza.

Za pili hujenga modeli. Revit na ArchiCAD huutambua ukuta kuwa ni ukuta wenye unene, urefu wa kwenda juu na aina ya tofali. Ukiusogeza sehemu moja, unasogea katika michoro yote, na hesabu ya matofali inabadilika papo hapo. Faida hiyo si ndogo kwa mwenye nyumba anayenunua simenti kwa mifuko michache michache. Gharama yake ni kompyuta yenye nguvu, miezi mingi ya kujifunza, na leseni ghali.

SketchUp, iliyotolewa mwaka 2000, iko katikati, na ndiyo inayowapoteza wengi. Ni rahisi kujifunza, na ndani ya siku chache mtu anaweza kusimamisha nyumba nzima. Lakini ukuta wake, usipotengenezwa kwa uangalifu, ni ngozi tupu iliyofunika hewa. Ukikata nyumba hiyo katikati, ndani hamna tofali wala zege. Inafaa kumwonyesha mteja jinsi paa litakavyokaa. Haifai kuwa chanzo pekee cha michoro ya ujenzi, ijapokuwa wapo wanaoitumia hivyo.

Kiwanja kinachoteremka

Kamembe imejengwa juu ya vilima. Uwanja wake wa ndege uko zaidi ya mita 100 juu ya maji ya Ziwa Kivu, na kati ya viwili hivyo kuna viwanja vichache vilivyo tambarare. Kiwanja chenye urefu wa mita 20 kinachoshuka mita moja kwa kila mita nne kina tofauti ya mita 5 kati ya mwisho wake wa juu na wa chini. Hiyo inakaribia ghorofa mbili. Ramani ya sakafu iliyonakiliwa kutoka kwa nyumba ya jirani, au kutoka mtandaoni, itaonekana safi kwenye kioo cha kompyuta, kisha siku ya kuchimba msingi mwenye nyumba ataambiwa kwamba anahitaji ukuta wa kuzuia udongo ambao hakuuwekea bajeti.

Kwa hiyo kazi huanza na upimaji wa ardhi. Hapa kuna jambo linalostahili kufafanuliwa kwa kirefu, kwa sababu linazua migogoro ya majirani. Rwanda ilisajili zaidi ya viwanja milioni 10 katika mpango ulioanza miaka ya 2000, na kwa sehemu kubwa mipaka ilichorwa juu ya picha zilizopigwa kutoka angani, wananchi wakionyesha wenyewe ua, mifereji na vijia vinavyowatenganisha. Njia hiyo ilikuwa ya haraka na ya gharama nafuu, na ilifanikiwa. Lakini haikukusudiwa kuonyesha mpaka kwa sentimita. Mchoraji anapouingiza mpaka huo kwenye programu, kompyuta itauandikia urefu wa mita 18.437 bila kusita. Tarakimu hizo tatu za mwisho ni za kompyuta, ardhini hazipo. Anayepanga ukuta wa nyumba karibu kabisa na mpaka kwa kuziamini anaweza kujikuta ndani ya shamba la mwenzake. Mpimaji ardhi aitwe kwanza, na pamoja na mpaka apime pia miinuko.

Tatizo dogo linalofanana na hilo: ramani rasmi za ardhi za Rwanda hutumia majiranukta ambayo, kwa kuelekea kaskazini, hufikia mamilioni ya mita. Programu nyingi za modeli hushindwa kufanya kazi vizuri mbali hivyo na kitovu chake. Mistari hutetemeka na vipande hukataa kuungana. Kiwanja kisogezwe karibu na kitovu, na umbali kiliosogezwa uandikwe kwenye mchoro.

Leseni, bei na faili zenye madoa

AutoCAD ilianza kuuzwa na kampuni ya Marekani ya Autodesk mwezi Desemba mwaka 1982, na aina yake ya faili, DWG, imekuwa kama sarafu ya ofisi za ujenzi duniani. Tangu mwaka 2016 kampuni hiyo iliacha kuuza leseni za kudumu za programu zake kuu. Mtumiaji hulipia muda. Mwanafunzi hupewa leseni ya bure ya mwaka mmoja inayoweza kuhuishwa, lakini kwa masomo tu. Kijana aliyehitimu na kuanza kupokea fedha za wateja hana tena haki ya kuitumia. Toleo la bure la SketchUp nalo, linalofanya kazi ndani ya kivinjari, haliruhusiwi kwa biashara, na linataka intaneti isiyokatika.

Ndiyo maana programu zilizovunjwa kufuli husambaa kwa vidani vya USB. Mbali na suala la sheria, hatari yake ni ya kikazi. Mwaka 2012 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilifichua kirusi kilichoandikwa kwa lugha ya ndani ya AutoCAD. Kilijificha kama faili ndogo katika folda iliyo na michoro, kikasafiri pamoja nayo kutoka ofisi moja hadi nyingine, na kutuma nakala za michoro kwa anwani za barua pepe nchini China. Waathiriwa wengi walikuwa Peru. Folda ya michoro inayopokelewa kutoka kwa mtu mwingine haina budi kukaguliwa, na faili isiyo mchoro ifutwe.

Zipo njia halali zisizo na gharama. LibreCAD ni ndogo, ni ya bure hata kwa biashara, na hufanya kazi kwenye kompyuta kuukuu. Huchora mistari tu na haisomi kila faili ya DWG, lakini mkato wa nyumba ya vyumba vitatu hauhitaji zaidi ya mistari. FreeCAD, iliyoanza mwaka 2002, ilifikia toleo la 1.0 mwezi Novemba mwaka 2024, na toleo hilo lina sehemu maalumu ya kujenga modeli za majengo. Si laini kama ArchiCAD, na anayeanza atahitaji subira. Kwa mchoraji wa nyumba za kawaida mjini Kamembe, LibreCAD leo na FreeCAD kidogo kidogo ni mwanzo bora kuliko Revit iliyoibwa. Anayefanya kazi kila siku na wahandisi wa AutoCAD atahesabu tofauti, kwani muda unaopotea kwa kubadilisha faili nao una bei.

Umeme ukikatika, AutoCAD huwa imejihifadhia nakala kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa. Dakika 10 ni nyingi. Ziwekwe 3.

Mistari inayovuka daraja

Kazi za Kamembe na Bukavu huingiliana, na michoro huvuka mpaka kwa simu hata pale watu wasipovuka. Upande mmoja maandishi huwa ya Kiingereza au Kinyarwanda, upande wa pili Kifaransa. AutoCAD ya Kifaransa haitambui amri ya LINE, huitaka LIGNE. Suluhisho analofaa kulijua kila mtu ni kutanguliza alama ya mstari wa chini: _LINE hufanya kazi katika lugha zote.

Mtego mkubwa zaidi ni mkato wa desimali. Aliyesoma kwa Kifaransa huandika mita 3,50. Kwa AutoCAD, koma hutenganisha vipimo viwili, hivyo 3,50 ni nukta iliyoko 3 kwa upande na 50 kwa juu, na mstari hukimbilia mahali pasipojulikana. Vilevile faili haisemi yenyewe kama 3.5 ni mita au milimita. Msanifu aliyechora kwa mita na mhandisi aliyechora kwa milimita wakiunganisha kazi zao, nyumba ya mmoja huwa ndogo mara 1,000 kuliko ya mwenzake. Kizio kiandikwe pembeni ya kila mchoro, na kikubaliwe kabla ya mstari wa kwanza.

Lugha ya maandishi nayo isipuuzwe. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini mbali na sheria, ndicho ambacho mafundi wengi wa pande zote mbili za mto Rusizi huelewana nacho. Programu za CAD hugawa mchoro katika matabaka yanayoweza kuwashwa na kuzimwa. Hakuna kinachomzuia mchoraji kuweka maandishi ya Kiingereza kwenye tabaka moja kwa ajili ya ofisi, na ya Kiswahili kwenye jingine kwa ajili ya kiwanja: “mkanda wa zege, nondo nne” kwa maneno ambayo mwashi hatahitaji kutafsiriwa.

Mwisho wa yote, fundi hufanya kazi na karatasi. Mchoro wa kipimo cha 1:50 ulioandaliwa kwa karatasi ya A3, ukichapishwa kwenye A4 kwa sababu duka la kuchapisha halina A3, hupungua hadi takriban asilimia 71. Fundi anayepima kwa rula chumba cha mita 3.5 atapata kama mita 2.5. Kwa hiyo kila ukurasa uwe na mstari wa kipimo, na vipimo vyote viandikwe kwa tarakimu. Katika mchoro wa 1:100, mstari wa mita 5 lazima uwe na sentimita 5 kamili juu ya karatasi. Ukiwa na 4.7, hitilafu iko katika mpangilio wa printa uliolazimisha mchoro kutosha kwenye ukurasa; uondolewe, na karatasi ichapishwe upya kabla haijapelekwa kwenye kiwanja.