Je, Wajua? Sarafu ya duma
Sarafu ya dhahabu ya Tanzania ya mwaka 1974, yenye picha ya duma, imeandikwa shilingi 1,500. Ndani yake mna takribani gramu 30 za dhahabu safi. Hapo ndipo ilipo bei yake ya kuuzia, si kwenye mng'ao wa kioo unaotokana na muhuri uliong'arishwa kabla ya kugonga. Mtu atasema uadimu hupandisha bei. Kweli, iwapo wanaoitafuta ni wengi kuliko sarafu zenyewe. Wasipokuwepo, sonara hulipia uzani tu. Ndivyo ilivyokuwa Januari 1980: madini ya fedha yalipokaribia dola 50 kwa wakia, sarafu nyingi za ukumbusho za fedha ziliyeyushwa. Nawe ukiwa na sarafu ya duma, usiisugue kamwe: mkwaruzo haufutiki, na mnunuzi huuona mara moja.