Je, Wajua? Bangili ya kumtuliza mnunuzi wa hisa

Mwaka 2009, Philips na benki ya ABN AMRO za Uholanzi zilionyesha bangili ya kumchunga mtu anayenunua hisa akiwa nyumbani. Ilipima jinsi ngozi inavyopitisha umeme jasho linapoongezeka. Kadiri jazba ilivyompanda, taa za bakuli lililowekwa mezani zilitoka manjano hafifu, zikawa rangi ya machungwa, kisha nyekundu iliyokolea: tulia kwanza, bwana! Ubongo wenyewe haukuguswa. Kuugusa ubongo ni jambo jingine. Januari 2024, kampuni ya Neuralink ilimpandikizia Noland Arbaugh wa Marekani kifaa ubongoni, akawa anasogeza kishale cha kompyuta na kucheza sataranji kwa kuwaza tu. Ila kwenye soko la hisa angeachwa mbali, maana kompyuta za huko hupima muda kwa sehemu za milioni za sekunde.